Pampu ya maji ya nyumbani: soma kibati kabla hujatoa hela

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba nina pampu ya hospawa moja imekaa stoo, bado mpya, na mwenye duka hataki hata kuiona tena. Sikutegemea meseji zilizofuata. Mama mmoja wa Kibaha amebadilisha pampu tatu ndani ya miaka miwili. Kaka mmoja wa Mbeya pampu yake inanguruma kutwa nzima na kisimani haivuti kitu. Mwingine ana gesti ya ghorofa mbili Morogoro, na wageni wa juu wanaoga kwa kopo. Wote wananiuliza swali moja: tununue pampu gani?

Nitajibu, na nitazipanga kwa majina. Ila naomba kwanza mnivumilie nieleze yaliyonipata, kwa sababu kosa langu lilianzia mahali ambapo wengi hatuangalii kabisa.

Nyumbani kwetu Goba maji ya bomba hayaji kila siku. Yakija yanaingia kwenye tangi la chini, halafu pampu inayapandisha kwenye simtanki ya lita 1,000 iliyo juu ya mnara wa zege. Kwa miaka minne kazi hiyo ilifanywa na Pedrollo ndogo ya nusu hospawa, PKm 60, ile ya buluu ambayo wengi mnaijua. Ilikuwa inafanya kazi, lakini polepole. Kujaza simtanki ilikuwa inachukua zaidi ya saa moja, na umeme ukikatika katikati, siku imeharibika. Nikaamua kwamba pampu imechoka. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikamweleza muuzaji shida yangu. Hakuniuliza mnara una urefu gani. Hakuniuliza bomba ni la ngapi wala lina urefu gani. Alisema, "Dada, nusu hospawa ni ya kumwagilia bustani. Chukua hospawa moja, shida imekwisha." Kwenye boksi kulikuwa na maandishi makubwa: H.max mita 50, Q.max lita 90 kwa dakika. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: lita 1,000 gawa kwa 90, dakika kumi na moja. Nikalipa.

Pampu ikafungwa. Siku ya kwanza nikaweka ndoo ya lita 20 kule juu, pale maji yanapoingilia simtanki, mwanangu akashika simu apime muda. Ndoo ilijaa kwa sekunde 60. Lita 20 kwa dakika. Ile pampu ndogo, nilipoipima kabla ya kuing'oa, ilikuwa inajaza ndoo hiyohiyo kwa sekunde 75, yaani lita 16 kwa dakika. Nimeongeza hospawa mara mbili, nimetoa hela nyingi, nimepata lita nne. Na Luku ilianza kwenda mbio. Pampu ndogo ilikuwa inatumia kama uniti 0.6 kujaza simtanki moja. Hii mpya ilikuwa inakula karibu uniti nzima kwa maji yaleyale.

Nilirudi dukani, nikaambiwa labda fundi kaifunga vibaya. Fundi akasema labda pampu ni feki. Nilikaa wiki tatu katikati ya hao wawili.

Aliyenitoa kwenye mateso ni fundi bomba mzee, aliyewahi kufanya kazi za mabomba viwandani. Alikuja na kitu kimoja tu mfukoni: geji ya presha. Akaifunga kwenye mdomo wa pampu, akawasha. Mshale ukasimama kwenye bar 3 na nusu. Akaniambia, "Mama, bar moja ni sawa na kusimamisha maji mita kumi. Hapa pampu inasukuma mita 35. Mnara wako na tangi lake, kutoka maji ya chini mpaka pale yanapomwagikia juu, ni mita ngapi?" Tulipima kwa kamba: mita 11. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Zile mita 24 nyingine zimekwenda wapi?"

Zilikuwa zinaliwa na bomba.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu jambo hili hakuna muuzaji anayelisema. Maji yakipita kwenye bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano huo unakula nguvu ya pampu kama vile unapandisha maji kwenye mlima ambao huuoni. Mlima huo unategemea mambo matatu: urefu wa bomba, wingi wa maji, na ukubwa wa tundu. Urefu ni rahisi: bomba likirefuka mara mbili, hasara inakuwa mara mbili. Wingi wa maji ni mkali zaidi: ukitaka maji mara mbili kwenye bomba lilelile, hasara haizidi mara mbili, inazidi karibu mara tatu na nusu. Lakini tundu ndilo lenye mambo. Ukipunguza kipenyo cha tundu kwa nusu huku ukilazimisha maji yaleyale yapite, hasara inapanda karibu mara 29. Mara ishirini na tisa, jamani. Hakuna hospawa ya nyumbani itakayoshindana na hesabu hiyo.

Sasa angalia tulivyo na mabomba yetu. Siku hizi karibu kila nyumba inafungwa PPR, yale mabomba ya kuchomelea kwa moto. Dukani wanaliita la "nusu inchi", "robo tatu" na "inchi moja", na ubavuni yameandikwa 20, 25 na 32. Namba hizo ni milimita za nje. PPR ina ukuta mnene sana. La 20 la PN 20 (PN ni daraja la presha ambalo bomba linahimili) tundu lake ni milimita 13.2 tu. La 25 ni 16.6. La 32, ambalo unauziwa kama inchi moja, ni 21.2, wakati inchi moja ya kweli ni 25.4. Unalipia inchi, unapewa pungufu ya inchi, na hakuna anayekueleza. Hilo la milimita 20 ndilo lililokuwa ukutani kwangu, mita 40 nzima kutoka tangi la chini mpaka juu ya mnara.

Nilichukua daftari nikafanya hesabu kwa kanuni ya Hazen na Williams, ambayo wahandisi wa maji wameitumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Matokeo yake nayaweka hapa, na ukiweza yanakili ubandike ukutani. Kwa maji ya lita 20 kwa dakika, kila mita 10 za PPR ya 20 zinakula kama mita 5 za nguvu ya pampu. PPR ya 25 inakula kama mita 1.7. PPR ya 32 inakula nusu mita. Bomba jeusi la HDPE la 32 la PN 10, ambalo ukuta wake ni mwembamba na tundu lake ni kama milimita 28, linakula sentimita 13 tu. Maji ni yaleyale na umbali ni uleule. Anayelipa tofauti ni wewe, kila siku, kupitia Luku.

Usisahau na kona. Kila elbo na kila vavu vinahesabika kama kipande cha bomba kilichoongezwa. Kwa nyumba ya kawaida mimi naongeza asilimia 20 juu ya urefu wa bomba, na kama fundi wako anapenda kuzungusha bomba kila pembe ya nyumba, weka 30. Kwangu mita 40 zikawa 48. Zidisha kwa nusu mita kila mita moja: mita 24 na ushee. Geji ya mzee haikukosea.

Tulichofanya baada ya hapo kilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Hatukuvunja ukuta. Tulipitisha bomba jipya la PPR ya 32 kwa nje, tukarudisha ile Pedrollo ya nusu hospawa niliyokuwa nimeshampa dada yangu wa Tegeta, na ndoo ikajaa kwa sekunde 41. Lita 29 kwa dakika. Simtanki inajaa kwa dakika 35. Bomba jipya pamoja na ufundi havikufika nusu ya bei ya pampu iliyoko stoo. Dada yangu nimemnunulia nyingine kama hiyohiyo, maana kumnyang'anya pampu halafu nimwache na ndoo haingekuwa haki.

Turudi kwenye kununua. Sitazungumzia kelele, rangi, wala ipi inapendeza ikifungwa barazani. Hayo utayaona mwenyewe. Nitasema jambo moja ambalo mimi sasa naliangalia kabla ya jina la kampuni na kabla ya bei: kibati cha ubavuni.

Pampu yoyote ina namba mbili zinazokwenda pamoja kama mizani. H ni mita inazoweza kusukuma, Q ni maji inayotoa. Moja ikipanda, nyingine inashuka. H.max ni mita ambazo pampu inafika wakati haitoi hata tone. Maji yamesimama kwenye bomba, hayaendi popote. Q.max ni maji inayotoa wakati haipandishi karibu kitu, umeimwagisha hapohapo ilipo. Hizo namba mbili hazikutani hata siku moja. Anayekuandikia "mita 50, lita 90" bila kitu kingine amekupa ncha mbili za kamba na kuficha kamba yenyewe. Na wewe unaishi katikati ya kamba.

Pampu ya heshima inakupa katikati. Chukua kibati cha Pedrollo PKm 60. Hakiishii kwenye H.max 40. Kimeandikwa Q kutoka lita 5 hadi 40, na mbele yake H kutoka mita 38 kushuka hadi 5. Kwa kibati hicho tu, ukiwa umesimama dukani, unajua kwamba ukitaka lita 40 utapata mita 5, na ukitaka mita 38 utapata lita 5. Ukifungua kijitabu chake unakuta jedwali lote: kwa lita 10 inasukuma kama mita 33, kwa lita 20 mita 24, kwa lita 30 mita 15. Ukiwa na jedwali hilo na hesabu ya bomba lako, humwulizi mtu. Mimi nilihitaji mita 11 za mnara, na kwa PPR ya 32 msuguano wa lita 29 unafika kama mita 5. Jumla 16. Jedwali linasema pampu inatoa karibu lita 29 kwenye mita 16. Na ndoo ikasema hivyohivyo. Tangu siku hiyo siuamini mdomo wa mtu dukani, naamini jedwali.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza, na sioni haya kusema naipenda, ni Pedrollo PKm 60. Inatengenezwa Italia, San Bonifacio karibu na Verona, na kampuni ilianza mwaka 1974. Kwa nyumba ya kawaida ya chini, tangi la chini na simtanki juu ya mnara, jumla yako ikiwa haizidi mita 20 ukishaongeza msuguano, huhitaji kitu kikubwa zaidi ya hiki. Kuna jambo jingine ndani yake linalonifurahisha. Pampu za aina hii zina feni ya shaba nyeupe, ile inayosukuma maji, inayozunguka kwenye nafasi nyembamba sana. Pampu ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, kama wakati wa masika tunapokinga maji ya mvua, kutu huwa inakamata feni na siku ukiwasha inanguruma tu bila kuzunguka. Pedrollo waliweka bamba la shaba nyeupe upande wa mota ili feni isigandie chuma. Yangu ilikaa miezi mitano bila kazi, nikaiwasha, ikazunguka. Udhaifu wake upo: hiyo nafasi nyembamba haipendi mchanga kabisa. Kisima chako kikitoa maji yenye mchanga, mwaka mmoja tu feni imelika na mita zako zimepungua bila wewe kujua. Kwa maji ya tangi, masafi, sijaona ya kuizidi kwa ukubwa wake.

Ya pili ni Pedrollo CPm 158, hospawa moja. Hii ni ndugu yake lakini tabia ni tofauti. H.max yake ni ndogo kuliko ya PKm 60, mita 36, na wauzaji wengi wanashindwa kueleza kwa nini hospawa moja ina mita chache kuliko nusu hospawa. Sababu ni kwamba hii imetengenezwa kwa maji mengi. Ukiitaka itoe lita 60 kwa dakika bado inasukuma kama mita 30, mahali ambapo ile ndogo imeshakufa zamani. Ndiyo jibu langu kwa kaka wa gesti ya Morogoro. Aliniandikia vipimo: tangi la juu liko mita 14, bomba mita 60 la PPR ya 32, anataka angalau lita 50 kwa dakika. Nimemfanyia hesabu. Kwa bomba hilo, ukiweka na kona, msuguano wa lita 50 ni mita 20. Jumla 34. CPm 158 haifiki hapo, na muuzaji wake alikuwa ameshamwambia anunue ya hospawa mbili. Akibadilisha bomba likawa PPR ya 40, yenye tundu la milimita 26.6, msuguano unashuka kutoka mita 20 hadi chini ya 7. Jumla inakuwa mita 21, na CPm 158 itampa zaidi ya lita 60. Bomba la 40 atalinunua mara moja. Umeme wa hospawa mbili atalipa kila siku mpaka gesti ifungwe.

Ya tatu ni Dayliff, ya Davis & Shirtliff, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 1946 na yenye matawi huku kwetu pia. Naiweka ya tatu kwa sababu moja: ukiingia na vipimo vyako unaweza kuomba mchoro wa H na Q wa pampu, na mchoro upo. Kwa mtu anayechimba kisima kirefu na anahitaji pampu ya kuzamisha, mimi ningeanza na duka la aina hiyo kabla ya kuzunguka Kariakoo, kwa sababu pampu ya kuzamisha ukiikosea unalipa winchi ya kuitoa mita 80 chini.

Ya nne ni jamii, si jina moja: pampu za jeti, kwa wenye kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono. DAB wanazo, Pedrollo wanazo. Zinajivuta hewa zenyewe, mchanga kidogo haziuogopi kama PKm 60 inavyouogopa. Lakini kaka wa Mbeya anisikilize hapa. Kuvuta si sawa na kusukuma. Pampu iliyokaa juu ya kisima haivuti maji. Inatoa hewa kwenye bomba, halafu uzito wa hewa ya dunia ndio unaoyasukuma maji kupanda. Ufukweni kwetu hewa hiyo inaweza kusimamisha maji mita 10 na kidogo tu, na kwa pampu halisi, ukitoa msuguano wa bomba na fut vavu (ile vavu ya mwisho wa bomba kisimani), zinabaki mita 7 au 8. Ukipanda mlimani hewa inapungua: kila mita 1,000 unapoteza mita moja na ushee ya kuvuta. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kisima chako cha mita 7, ambacho Dar kingevutika, huko kwako kiko nje ya uwezo wa pampu yoyote inayokaa juu na kuvuta kwa bomba moja, iwe ya Italia, ya Denmark au ya popote. Hukuibiwa pampu, uliuziwa aina isiyo yako. Unachohitaji ni pampu ya kuzamisha, au uishushe hiyo kwenye kidaraja ndani ya kisima iwe karibu na maji. Na upande wa kuvuta, tafadhali, usipunguze bomba kamwe. Likiwa kubwa kuliko la kutolea, ni vizuri zaidi.

Ya tano ni Grundfos SCALA2. Grundfos ni Wadenmark wa Bjerringbro, wapo tangu 1945, na pampu hii ni kwa kazi tofauti: haijazi simtanki, inatia presha ndani ya nyumba, na inabadilisha mwendo wake yenyewe kulingana na bomba ngapi zimefunguliwa. Nimeiona ikifanya kazi kwa rafiki yangu Mikocheni, na sikujua kama imewashwa mpaka nilipoweka mkono juu yake. Ni nzuri sana. Bei yake ndiyo inayoishusha hapa. Kwa wengi wetu, shauri la shawa dhaifu linaisha kwa kuongeza tundu la bomba linaloshuka kutoka simtanki. Simtanki iliyo mita 3 juu ya shawa inakupa bar 0.3 tu, hiyo ndiyo akiba yako yote, na ukiipitisha kwenye tundu la milimita 13 imeshaliwa kabla haijafika kichwani.

Hizo za bei ya chini zenye majina yanayobadilika kila kontena likishuka, sina mengi. Ukikuta moja yenye jedwali la H na Q kwenye kibati, nunua, nimeshaona moja au mbili. Yenye H.max na Q.max peke yake, iache dukani.

Kuhusu maduka sasa, maana hili linaniuma. Nimezunguka mtaa mmoja kwa saa moja nikiuliza pampu ileile, modeli ileile. Nimepewa bei tatu, na kati ya ya juu na ya chini kulikuwa na tofauti ya shilingi 70,000. Nilipokwenda na mume wangu tukaambiwa bei ya chini zaidi. Nilipokwenda peke yangu nikiwa na mkoba wa kazini, ya juu. Duka mbili zilikataa kunifungulia boksi nisome kibati. "Dada, ukifungua umenunua." Kwa nini nisisome ninachonunua? Nguo tunajaribu, tikiti maji tunagonga, kitu cha laki kadhaa kinachofungwa miaka kumi nasomeshwa boksi la karatasi. Mmoja alikuwa na pampu za buluu zenye jina linalofanana na Pedrollo kwa herufi zote isipokuwa moja, na alipoona nimegundua hakuona aibu, alisema tu, "Hiyo ni ya kwao hukohuko." Wanaouza feki tuna Tume ya Ushindani ya kuwapeleka, na nawasihi mchukue risiti ya EFD kila mara, yenye modeli imeandikwa, siyo "pampu 1". Mimi risiti yangu imeandikwa "pampu 1". Ndiyo maana iko stoo.

Wanaotuambia "chukua kubwa" nawaelewa wanakotokea. Pampu kubwa ina faida kubwa, bomba lina faida ndogo. Lakini wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba mtu anayerudi mara tatu kununua pampu ana shida ya bomba. Swali moja tu, "bomba lako ni la ngapi na lina mita ngapi?", lingemwokoa yule mama wa Kibaha pampu mbili. Nilimpigia. Bomba lake ni PPR ya 20, mita 55, kutoka getini mpaka nyuma ya nyumba. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimeshajua.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani fanya hivi. Pima kwa kamba kutoka usawa wa maji ya chini, yakiwa yamepungua, si yakiwa yamejaa, mpaka pale yanapomwagikia juu. Pima urefu wa njia yote ya bomba, ongeza asilimia 20. Amua unataka simtanki ijae kwa dakika ngapi, ugawanye lita zake kwa dakika hizo. Nusu saa kwa lita 1,000 ni lita 33, inatosha kabisa kwa familia. Tafuta msuguano kwa namba nilizotoa hapo juu. Maji yako yakiwa lita 30 badala ya 20, zidisha mara mbili na kidogo. Yakiwa 40, mara tatu na nusu. Jumlisha na urefu wa kamba. Hiyo jumla na lita zako ndizo namba mbili unazoingia nazo dukani, na pampu unayotaka ni ile ambayo jedwali lake linazipita kidogo, si kwa mbali. Ukiona msuguano unazidi urefu wa kamba, acha kutafuta pampu. Tafuta bomba.

Umeme nao uangalie. Pampu zetu zimeandikwa volti 220 hadi 240. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka inashuka kwa mraba wa volti: mtaani kwako umeme ukishuka hadi 180 badala ya 230, imebaki asilimia 61 ya nguvu. Pampu itanguruma bila kuanza, kapasita itaungua, na utasema pampu mbovu. Pima volti jioni, watu wote wakiwa wamewasha majiko na pasi, usipime saa nne asubuhi.

Na usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa uvute. Bomba la mtaa likiwa na presha ndogo pampu yako inanyonya maji ya jirani, na penye ufa inanyonya tope la mtaroni kuja kwenye glasi ya mtoto wako. Maji yaingie tangi kwanza.

Wenye mabomba yaliyokwisha kufukiwa ukutani wameniuliza kama ni lazima wavunje. Hapana. Kipande cha ndani ya nyumba kiache. Badilisha njia ndefu, ile inayotoka tangi la chini kwenda mnarani, ndiyo inayobeba maji yote kwa wakati mmoja. Ipitishe nje, ifunge klipu kila mita, na kama ni HDPE nyeusi jua halitaisumbua. PPR ya kijani au nyeupe ikikaa juani inaharibika, ivike au ifukie. Yangu nimeifukia sentimita 30 kutoka tangini hadi kwenye mguu wa mnara, na inapopanda nimeivika bomba kuukuu la plastiki. Fundi mzee aliniachia ile geji, bado iko kwenye mdomo wa pampu. Asubuhi hii ilikuwa inasoma bar moja na nusu.